Giaboksi ya otomatiki ikianza kusumbua: kagua haya kabla ya kununua nyingine

Magari mengi yanayotumika vijijini, Tanzania na Kenya, yaliingia kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na mengi ni ya otomatiki. Gari hilohilo hupeleka mazao sokoni na usiku hukimbiza mgonjwa zahanati. Giaboksi yake ikianza kusumbua, mwenye gari huambiwa mara nyingi: "Imekufa, nunua nyingine." Huenda ni kweli. Lakini yapo mambo ya kukagua kwanza, na mengine hayagharimu hata senti moja.

Dalili za kuangalia

Ukiweka D au R, gari huchelewa kuondoka au hushtuka kwa kishindo. Au injini hunguruma sana lakini mwendo hauongezeki; hapo tunasema giaboksi inateleza. Wakati mwingine gari hubaki kwenye gia moja, kwa sababu kompyuta yake imegundua hitilafu na kuzuia gia nyingine.

Toyota nyingi za zamani zina taa ya "O/D OFF". Ikiwaka mfululizo, huenda mtu amebonyeza kitufe cha kwenye mkono wa gia bila kujua. Gari halitaingia gia ya juu kabisa na litakula petroli zaidi. Kibonyeze tena, taa itazima. Ikiwa inawaka na kuzima yenyewe, kuna hitilafu iliyorekodiwa. Mtafute fundi mwenye mashine ya kupima aisome kabla hajafungua chochote.

Pima mafuta ya giaboksi

Mafuta haya, ambayo mafundi wengi huyaita haidroliki, ndiyo yanayosukuma, kulainisha na kupoza klachi zilizo ndani. Yakipungua, giaboksi huteleza. Ikiteleza, hupata joto kali na klachi huungua.

Kwa Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia, fanya hivi:

1. Endesha gari mpaka lipate moto, kisha uliegeshe mahali tambarare na uvute breki ya mkono.
2. Injini ikiwa inaunguruma na umekanyaga breki, pitisha mkono wa gia sehemu zote, kisha urudishe P.
3. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisafi, kirudishe, kichomoe tena. Mafuta yafike kwenye alama ya HOT.

Magari mengi ya Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa. Mengine hayana kijiti. Fundi huyapima akiwa chini ya gari.

Rangi nayo inasema. Mafuta mekundu yanayopitisha mwanga ni mazuri. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, klachi zimeanza kulika. Yakiwa kama maziwa yenye wekundu, maji yameingia, mara nyingi kupitia rejeta iliyotoboka ndani. Usiliendeshe gari hilo.

Mafuta yakiwa pungufu, tafuta yanapovuja kabla ya kuongeza. Nunua aina iliyoandikwa kwenye kijiti au kitabu cha gari, kwa sababu mafuta ya giaboksi hayafanani. Giaboksi za CVT, zinazotumia mkanda badala ya gia za kawaida, zina mafuta yake maalumu. Ukimwaga kwa kufungua nati ya chini, sehemu tu ya mafuta hutoka. Mengine hubaki ndani. Mafuta mapya hayawezi kurudisha klachi zilizokwisha kuungua.

Ukifika kwa fundi

Muulize kama amepima solenoidi, yaani vali ndogo za umeme zinazoongoza mafuta. Zikiharibika, gari huonyesha dalili zilezile, na hubadilishwa bila kununua giaboksi nzima. Mwombe pia afungue sampo mbele yako. Vumbi laini kidogo kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vya chuma ni dalili ya uharibifu mkubwa.

Ikilazimu kununua giaboksi iliyotumika, piga picha kibati kilicho kwenye chumba cha injini. Kwa Toyota, mstari wa "TRANS/AXLE" una namba ya giaboksi. Inayonunuliwa ilingane nayo. Dai risiti na dhamana ya maandishi.

Gari likikwama njiani

Usilisukume ili liwake. La otomatiki haliwaki hivyo. Usilivute kwa kamba mwendo mrefu, maana injini ikizimwa pampu ya giaboksi haisukumi mafuta na vyuma vitasagana vikavu. Magurudumu yanayovuta gari yainuliwe, au gari lote lipakiwe juu ya lori, hasa likiwa linavutwa na magurudumu yote manne. Gharama ya lori ni kubwa, lakini giaboksi iliyosagika njiani ni ghali zaidi, na pengine ilihitaji mafuta tu.