Modeli ya Lancaster

Modeli ya Lancaster ni nakala ndogo ya Avro Lancaster, ndege ya Uingereza iliyodondosha mabomu katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Huuzwa kwenye boksi ikiwa vipande vya plastiki, na mnunuzi huviunga na kuvipaka rangi mwenyewe. Skeli iliyozoeleka ni 1:72. Ndege halisi ilikuwa na upana wa mita 31 toka ncha ya bawa moja hadi ya pili. Kwa skeli hiyo hubaki sentimita 43. Kwa 1:48 hufika sentimita 65, na kwa 1:32 hukaribia mita moja.

Katika skeli ya 1:72 mtu wa futi sita huwa na kimo cha inchi moja. Skeli hiyo ilienea Uingereza miaka ya 1930 kupitia modeli za mbao za Skybirds, na vita vilipoanza ikatumika kufundisha askari kutambua ndege angani. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliomba wanafunzi wa shule wachonge modeli 500,000 za aina hiyo. Kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, ilitoa Lancaster yake ya kwanza mwaka 1958, kisha ikaitengeneza upya mwaka 1980 na tena mwaka 2013.

Lancaster ilibuniwa na Roy Chadwick baada ya injini mbili za ndege iliyoitangulia, Manchester, kusumbua mno. Chadwick aliweka injini nne za Rolls-Royce Merlin, na ndege ikaruka mara ya kwanza tarehe 9 Januari 1941. Zilijengwa 7,377, kila moja ikibeba watu saba.

Kazi ya kujenga huanza kabla ya boksi kufunguliwa, kwa kuchagua ndege moja na tarehe moja. Hili ndilo jambo linalotenganisha modeli nzuri na pambo la kabati. Chukua R5868, iliyopo leo katika jumba la makumbusho la jeshi la anga la Uingereza (RAF) jijini London. Mwaka 1942 ilikuwa ya kikosi cha 83 na ilibeba herufi OL-Q. Mwaka 1944 ilikuwa ya kikosi cha 467 cha Australia na ikasomeka PO-S. Ubavuni mwa pua yake vilichorwa vibomu vidogo, kimoja kwa kila safari ya vita, na hesabu yake hutajwa kuwa 137. Anayejenga OL-Q hawezi kubandika safu zote hizo. Tena vibomu hivyo si urembo. Kikosi kikuu cha mabomu cha Uingereza kilipoteza watu 55,573, na chini huko, Hamburg peke yake mwezi Julai 1943, waliuawa makumi ya maelfu ya raia. Anayevibandika anastahili kuyajua yote mawili.

Vipande hukatwa kwenye fremu kwa koleo, si kwa kuvunja na vidole, kisha alama ya mkato husuguliwa kwa msasa. Kila kiungo hujaribiwa kikiwa kikavu. Gundi ya plastiki huyeyusha kingo mbili zikashikamana, kwa hiyo kosa lililokauka halibanduki kirahisi. Chumba cha rubani hupakwa rangi kabla ya pande mbili za kiwiliwili kufungwa. Mwanya unaobaki hujazwa puti.

Mabawa ndiyo mtihani. Sehemu ya kati imelala, ila kuanzia nje ya injini za ndani bawa linainuka. Modeli itazamwe kutoka mbele: ncha mbili ziwe na kimo sawa, na vibapa viwili vya mkiani visimame wima kabisa. Upande mmoja ukilegea kidogo, rangi nzuri haitauficha. Uzito puani hauhitajiki, maana Lancaster hukalia gurudumu la mkiani. B-24 Liberator ya Marekani, yenye gurudumu la mbele, huangukia mkia isipotiwa uzito wa madini ya risasi puani.

Vioo havitakiwi kuguswa na supa gluu, kwa sababu mvuke wake huacha ukungu mweupe. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Katika kibanda cha nyuma chenye bunduki nne, baadhi ya wapiganaji waliondoa kioo cha katikati ili waone vizuri gizani, wakavumilia baridi kali usiku kucha. Picha ya ndege uliyoichagua ndiyo itakayoamua kama kioo hicho kibaki.

Rangi ni kahawia ya udongo na kijani kilichokoza mgongoni, nyeusi tumboni. Kabla ya stika za maji hupigwa vanishi ya kung’aa, kwani juu ya rangi kavu isiyong’aa hunasa hewa na kumeta kama fedha. Vanishi isiyong’aa huja mwisho. Moshi wa injini juu ya mabawa wengi huupaka mweusi, lakini petroli ya ndege hizo ilikuwa na madini ya risasi, hivyo michirizi mingi ilikuwa ya kijivu cheupe.

Lancaster mbili bado zinaruka: PA474 iliyopo Coningsby, Uingereza, na nyingine iliyopo Hamilton, Kanada. Zinafaa sana kwa kupigia picha magurudumu na injini. Kwa rangi na vifaa vya ndani, picha za wakati wa vita ziaminiwe kwanza, kwa kuwa ndege hizo zimekarabatiwa mara nyingi na rangi zake ni za leo.