Namzimia Salama Jabir, Ila Kuna Kitu Kinanikereketa

Wadau, nianze kwa kukiri. Mimi ni mshabiki wa Salama Jabir wa siku nyingi, tangu sijui hata uandishi wa habari ni kitu gani. Namzimia, kama tulivyokuwa tukisema zamani. Kwa hiyo haya nitakayoyasema leo msije mkayachukulia kuwa ni ya mtu mwenye chuki binafsi. Ni ya mtu aliyekaa nayo moyoni muda mrefu, halafu siku moja yakamtokea puani.

Niwarudishe nyuma kidogo, maana jambo hili lina historia yake, na historia yenyewe inapita hapa hapa kwetu Morogoro, mji kasoro bahari.

Huu ni mji wa mastaa tangu enzi za babu zetu. Salum Abdallah alikuwa hapa na Cuban Marimba yake mpaka ajali ya gari ilipomchukua mwaka 1965. Upande wa pili walikuwa Morogoro Jazz, na ndani yake kijana mmoja aitwaye Mbaraka Mwinshehe, ambaye mwaka 1973 aliondoka na kuanzisha Super Volcano. Naye Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na miaka 34 tu. Wazee wa Mji Mpya wakianza kubishana nani alikuwa zaidi kati ya bendi hizi mbili, kahawa inapoa kwenye vikombe.

Sasa tujiulize, watu hawa wametuachia nini? Nyimbo. Radio Tanzania Dar es Salaam iliwarekodi, na kanda zile ndizo zimetufikia mpaka leo. Lakini wao wenyewe je? Walilipwa kiasi gani? Walipoachana na bendi zao, ugomvi ulikuwa wa pesa, wa wivu au wa mwanamke? Siku walipolala njaa walimwambia nani? Redio ilikuwa moja, ya serikali, na mwanamuziki alikwenda studio kuimba, si kueleza anavyoishi. Tulirithi sauti zikiimba. Sauti zikiongea hatukuzirithi. Mimi kama mwandishi hili linaniuma, maana kuna mambo ambayo Mbaraka pekee ndiye angeweza kutujibu, na hakuna aliyemuuliza kwa wakati.

Milango ilifunguka miaka ya 1990. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu watu binafsi, na mwaka uliofuata zikaja Radio One na ITV. Kumbukeni Zanzibar walikuwa na televisheni tangu 1973, sisi wa Bara tulikuwa bado tunakodolea macho redio za mbao! Zikafuata redio za vijana, bongo fleva ikapata pa kupumulia, na magazeti ya udaku yakajaa mezani kwa wauza magazeti pale Msamvu. Ghafla staa akawa na maisha mawili: ya jukwaani, na yale tunayoyasoma tukiwa tumejificha nyuma ya gazeti.

Hapo ndipo Salama alipoingia maishani mwangu. Wengine walimjua kupitia Planet Bongo. Mimi nilimwona kwanza kwenye Bongo Star Search, akiwa jaji pamoja na Madam Rita na Master Jay. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, tukijazana sebuleni kwa jirani mwenye televisheni. Kila kijana aliyeingia kuimba, macho yetu hayakuwa kwake, yalikuwa kwa Salama. Tulikuwa tunasubiri atasema nini! Alikuwa hapambi maneno. Umeimba vibaya, anakwambia umeimba vibaya. Sebule nzima inapasuka kwa kicheko.

Na hapo hapo, katikati ya kicheko, mama yangu alikuwa na tabia ya kusema taratibu: "Na huyo ana mama yake anamwangalia." Basi. Halafu anaendelea kuchambua mchele.

Sijui kama mama alijua, ila sentensi ile ndiyo iliyonivurugia raha. Toka siku hiyo nikawa naangalia kwa macho mawili yanayogombana. Jicho moja linasema: safi sana, hatimaye kuna mtu Bongo anayesema ukweli hadharani, tena mwanamke, tena kijana, katika nchi ambayo kila mtu anasifiwa msibani na kusengenywa sebuleni. Jicho la pili linasema: yule pale ni kijana wa watu, hana meneja, hana jina, huenda hata nauli ya kurudia kwao hana.

Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2010 ikaja Mkasi pale EATV. Hapa mambo yalikuwa tofauti, maana walioketi hawakuwa tena watoto wa usaili. Walikuwa mastaa kweli kweli, na hata wanasiasa. Mandhari yenyewe ni ya saluni, na sote tunajua saluni za kwetu: ndipo mahali pekee mtu anapokuinamisha kichwa, anakushikia kitu chenye makali, na wewe unamweleza siri zako kwa hiari. Aliyebuni jina lile alijua anachofanya.

Nilikuwa sikosi. Salama aliuliza yale ambayo sisi wa vijiweni tulikuwa tunayauliza wenyewe kwa wenyewe: pesa, mapenzi, bifu. Hakuuliza kama anayeomba radhi. Staa aliyezoea kuulizwa "unawaambia nini mashabiki wako" alijikuta amebanwa. Mimi nilikuwa napiga makofi. Lakini kuna sekunde moja niliyojifunza kuitambua, pale mgeni anapocheka kwa mdomo huku macho yake yameacha kucheka. Sekunde ile ilikuwa inanikumbusha mama na mchele wake.

Mwaka 2013 nilikuwa na miaka 17. Tarehe 28 Mei zikaja habari kutoka Afrika Kusini kwamba Albert Mangwea, Ngwair wetu, yule aliyetupa albamu ya A.K.A Mimi na wimbo uliotikisa nchi wa Mikasi, amefariki. Alhamisi ya tarehe 6 Juni tukamzika Kihonda. Waliokuwepo wanajua nasema nini. Mji ulisimama. Watu walipanda juu ya miti na juu ya mabasi, vumbi la Kihonda likawa linaonekana mbali. Na kamera nazo zilikuwepo, nyingi kuliko nilizowahi kuziona maishani mwangu.

Nilisimama kando ya barabara nikiwa na sare ya shule, nikawa nawaza jambo moja. Miaka yote ile tulikuwa tunamjadili mtu huyu kama vile hasikii. Leo hasikii kweli, na sasa ndiyo tunamwambia tunampenda. Sikumlaumu mtangazaji yeyote siku ile. Nilijilaumu mimi msikilizaji, maana udaku hauna muuzaji kama hauna mnunuzi.

Mngedhani nilijifunza? Wapi!

Mwaka 2018 nilikuwa najitolea kwenye redio moja, sitaitaja. Kujitolea mnakujua: kazi unafanya, mshahara huna. Nikapewa nafasi ya kumhoji msanii aliyewika sana katikati ya miaka ya 2000, jina lake naomba nilihifadhi. Alikuwa amerudi nyumbani kimya kimya, anafanya shughuli zake ndogo ndogo. Alikuja kwa miguu, shati limepigwa pasi vizuri. Mimi kichwani nilikuwa Salama mtupu. Nilitaka siku ile watu waseme, huyu dogo ni hatari.

Tulipofika katikati nikamtupia: "Kaka, hebu tuambie ukweli, hivi ulifulia lini?"

Nyuma ya kioo wenzangu wakaangua kicheko. Yeye akanyamaza. Akavua spika za masikioni, akaziweka mezani kama mtu anayeweka yai. Akaniangalia, akasema kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, swali hilo umeniuliza kwa sababu unataka kujua, au kwa sababu unataka wale wa nje wacheke?"

Sikuwa na jibu. Nikaweka wimbo. Aliporudi hewani alijibu maswali yaliyobaki kwa adabu zote, akanishukuru, akaondoka kwa miguu kama alivyokuja. Kipande kile kikasambaa kwenye simu za watu, nikapongezwa sana. Usiku sikulala.

Mwaka mmoja baadaye bibi yangu mzaa mama alifariki, tukaenda kuzika Kinole, mashariki ya milima ya Uluguru. Wanaojua huko wanajua njia ile inavyopanda, migomba kushoto, mikarafuu kulia, ukungu unashuka kama pazia. Sasa sisi Waluguru ni watu wa upande wa mama, na kila ukoo una watani wake. Kaburi lilipokuwa tayari, mzee mmoja wa ukoo wa watani akaruka ndani, akajilaza chali. Akatangaza kwa sauti kwamba marehemu amekufa na deni lake la kuku wawili, hivyo hazikwi mtu hapa! Akamsema bibi kwa uchoyo wake, kwa kelele zake, kwa alivyokuwa anatembea. Sisi wafiwa tukajikuta tunacheka huku machozi yanatiririka. Mjomba akatoa elfu mbili, mzee akazihesabu kwa madaha, akatoka.

Lakini angalieni alichofanya baada ya hapo. Alichukua jembe. Alifukia mpaka mwisho, akasawazisha udongo kwa mikono yake. Usiku alilala kwenye mkeka pamoja na wanaume wa msiba, na asubuhi ndiye aliyekwenda kutafuta kuni. Nilipomuuliza mjomba, akanijibu: "Mtani hasemi bure. Kila neno lake analilipia kwa jembe."

Nimekuja kugundua baadaye kwamba mambo haya yaliwashangaza hata wageni. Mwaka 1963 mwanaanthropolojia wa Marekani, James Christensen, alichapisha makala kuhusu utani wa Waluguru, na kwenye kichwa cha makala yenyewe aliweka mzaha na wajibu pamoja. Aliona kile ambacho mjomba alikuwa anakijua bila kusoma: kwamba ruhusa ya kukejeli na kazi ya kuzika ni mkataba mmoja. Huwezi kuchukua nusu.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinanikereketa miaka yote. Mtangazaji wa kuhoji mastaa ni mtani wa taifa. Tumempa ruhusa ya kusema usoni kwa mtu yale ambayo sisi tunayasema kisogoni. Ni kazi ya maana, na nchi isiyo na watu wa namna hiyo inaoza kwa heshima za uongo. Ila jembe liko wapi? Mgeni akishaumbuka, taa zikishazimwa, nani anabaki naye kwenye mkeka? Hata Oprah Winfrey, aliyeliza watu kwenye kipindi chake kwa miaka 25 mpaka alipokifunga mwaka 2011, alianza mapema kwa kueleza hewani kwamba yeye mwenyewe alidhalilishwa utotoni. Aliweka kidonda chake mezani kabla ya kuendelea kufunua vya wengine. Hilo nalo ni jembe.

Je, Salama ana jembe? Nitasema ninavyoona mimi. Kwenye usaili wa wale vijana wasio na jina, kwangu mimi kejeli ilikuwa nyingi kuliko jembe, na sisi sebuleni ndio tuliokuwa tunaidai. Kwenye Mkasi mizani ilikaa sawa zaidi, maana staa naye ana mdomo, ana mashabiki, ana uwezo wa kujibu. Na miaka ya karibuni, kwenye mazungumzo yake ya SalamaNa kule YouTube, namsikia mtu mwingine kabisa. Anauliza, kisha anangoja. Maswali magumu bado yapo, ila kicheko cha nyuma ya kioo hakipo. Siku moja watoto wetu wakitaka kujua mastaa wa zama hizi walikuwa watu wa namna gani, watawasikia wakiongea, kitu ambacho sisi hatukukipata kwa Mbaraka wala kwa Salum Abdallah. Kwa hilo namshukuru, pamoja na manung'uniko yangu yote.

Mimi je? Tuliporudi kutoka Kinole nilimtafuta yule kaka. Nilimkuta nyumbani kwake, anamenya ndizi. Nikamwomba radhi. Nikamwambia pia nataka tuongee upya, safari hii kwa kunasa mazungumzo yote, aniambie anachotaka mwenyewe. Akacheka, kwa mdomo na kwa macho. Akaninyoshea kisu na ndizi nisaidie kumenya, akasema: "Kwanza nikuulize na mimi. Huko redioni wanakulipa shilingi ngapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba silipwi.

Akaangalia ndizi zake, akatikisa kichwa: "Kumbe aliyefulia ni wewe!"

Tulicheka sana wadau. Mazungumzo yale bado hajanikubalia kuyarekodi. Nimeacha kumsumbua. Huwa naenda tu, tunamenya ndizi.