Mlango wa baraza la mtandaoni: jinsi ya kujitengenezea ukurasa wa mkutano wa video

Ukanda wa LAPSSET waanzia kwetu Lamu. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021, na kwa mujibu wa mpango, njia yapita Garissa hadi Isiolo, kisha yagawanyika: tawi moja laelekea Moyale na Ethiopia, la pili Sudan Kusini. Kwa hivyo mvuvi wa Lamu na mfugaji wa Merti wana jambo moja la kuzungumza, ijapokuwa baina yao kuna mamia ya kilomita.

Uzito wa mazungumzo hayo tumeuona mahakamani. Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika mradi wa bandari, ikaamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Katiba ya 2010, kifungu cha 10, yahesabu ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na kifungu cha 196 chayataka mabunge ya kaunti yaushirikishe umma. Siku hizi mikutano mingi ya namna hii hufanyika kwa video. Basi swali ni hili: ni nani anayeweza kuingia?

Mimi ni mtu wa Lamu, na kazi yangu ya kompyuta iko Isiolo mjini. Katika mikutano ya kuunganisha pande hizi mbili, nimeona watu wakikwama mahali pamoja, napo ni mlangoni. Ukurasa unamtaka mzee barua pepe na nenosiri, kisha unamuuliza kwa Kiingereza kama anataka maikrofoni au kusikiliza tu. Mzee hukata simu, na kwenye kumbukumbu huandikwa kwamba hakuhudhuria.

Dawa yake si kuunda programu mpya ya mikutano. Seva ya video na ukurasa wa kuingilia ni vitu viwili mbalimbali. Seva unaweza kuichukua ilivyo, ukajenga mlango wako mwenyewe.

Seva yenyewe

Nitaeleza kwa BigBlueButton, programu huria iliyoanza mwaka 2007 katika Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, na ambayo hapa Kenya hutolewa na KENET, mtandao unaounganisha vyuo vikuu. Yataka kompyuta ya Ubuntu. Kwa kazi ya kweli, kumbukumbu ya gigabaiti 16 na viini 8 vya prosesa. Ni lazima iwe na jina la mtandao na cheti cha HTTPS, kwa sababu vivinjari haviruhusu maikrofoni wala kamera bila hicho. Kwenye ukuta wa usalama fungua milango ya TCP 80 na 443, na ya UDP kuanzia 16384 hadi 32768. Ukizisahau hizo za UDP, watu wataingia lakini hawatasikizana.

Programu hii huja na ukurasa wake uitwao Greenlight. Ni mzuri kwa mwalimu mwenye darasa, lakini si lazima uutumie. Nyuma yake seva hupokea maombi kwa anwani za kawaida za mtandao. Ombi la create hufungua mkutano, join humwingiza mtu, isMeetingRunning huuliza kama mkutano unaendelea, na end huufunga. Ukurasa wowote uwezao kutuma maombi hayo waweza kuwa mlango.

Muhuri

Kila ombi lazima liwe na muhuri, uitwao checksum. Kwenye seva andika amri bbb-conf --secret. Itakupa anwani ya seva na neno la siri. Chukua jina la ombi, mfano join, uunge na maelezo yote yanayofuata alama ya kuuliza, umalizie kwa neno la siri, bila kuacha nafasi. Pitisha mfuatano huo kwenye hesabu ya SHA-256. Matokeo yake ndiyo muhuri. Yaongeze mwishoni mwa anwani.

Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni majina. “Bi Khadija” lina nafasi katikati, na kwenye anwani huandikwa Bi%20Khadija. Muhuri uhesabiwe juu ya maandishi yaleyale utakayotuma, la sivyo seva itajibu checksumError. Wa pili ni mkubwa zaidi. Usihesabu muhuri ndani ya JavaScript ya ukurasa. Kila aufunguaye ataweza kuliona neno la siri, na mwenye nalo aweza kuingia kama msimamizi au kuufunga mkutano katikati. Hesabu ifanyike upande wa seva yako, kwa PHP, Python au lugha uijuayo. Mgeni apewe kiungo kilichokwisha kupigwa muhuri.

Mlango unaofaa watu wetu

Jina tu. Ukurasa uwe na kisanduku kimoja cha jina na kitufe kimoja cha kuingia. Kwa kuwa ni wako, uandike kwa Kiswahili, na kando yake Kiborana, Kisomali, Kiturkana au Kisamburu. Tafsiri ifanywe na wenye lugha.

Sauti kwanza. Kamera moja ya kilobiti 200 kwa sekunde hula karibu megabaiti 90 kwa saa. Zikiwa kamera kumi, kila msikilizaji hupokea karibu megabaiti 900. Sauti ya kilobiti 40 hula takriban megabaiti 18 tu. Kwa mtu anayenunua bando la siku, hiyo ndiyo tofauti ya kubaki au kutoka. Kwenye create weka lockSettingsDisableCam=true na muteOnStart=true. Kwenye join weka userdata-bbb_auto_join_audio=true na userdata-bbb_skip_check_audio=true, ili mtu aingie kwenye sauti bila kupitia jaribio la mwangwi.

Hodi. Weka guestPolicy=ASK_MODERATOR, na mgeni aombewe guest=true. Atasubiri nje mpaka msimamizi amkaribishe. Msimamizi awe mtu anayewajua watu wa pande zote, asije akamfungia nje mwenye haki.

Simu ndogo. Mwenye mulika mwizi naye asiachwe. Sauti ya BigBlueButton huendeshwa na FreeSWITCH, ambayo yaweza kuunganishwa na namba ya simu kutoka kwa mtoa huduma. Mtu hupiga, huingiza tarakimu za mkutano ulizoweka kwenye voiceBridge, kisha husikia na kusema. Namba hiyo ina gharama yake ya kila mwezi, kwa hivyo iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Siri za watu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yataka uchukue taarifa zile tu zinazohitajika, na mtu ajue za nini. Usiombe namba ya kitambulisho ili mtu asikilize mkutano. Kama hapana haja ya kurekodi, weka record=false. Kama mtarekodi, liandikwe hilo mlangoni kabla mtu hajabonyeza kitufe. Anayesema juu ya ardhi yake ana haki ya kujua sauti yake itafika wapi.

Kabla ya siku ya mkutano

Msijaribu kwa kompyuta ya ofisini yenye mtandao wa waya. Chukueni simu ya bei nafuu na bando dogo, mumpe mtu ambaye hajawahi kuingia mkutano wa video, aingie akiwa nje ya mji. Msimuelekeze. Mahali atakaposita ndipo penye kasoro, na kasoro hiyo ni ya ukurasa.

Mlango huu ni kazi ya siku chache kwa kijana anayejua kutengeneza tovuti. Vijana hao tunao, Lamu na Isiolo pia. Iwapo mkutano utaamua juu ya maji, malisho au bahari ya watu, basi kabla ya kuandika kwamba umma ulialikwa, na tuhakikishe umma uliweza kuingia.