Roma Iliteka, Lakini Nani Alitumwa Mbele?

Wasee, ukisikia "jeshi la Roma" unaona nini kichwani? Ngao nyekundu, kofia za chuma zenye manyoya juu, wale wa kwenye filamu. Hao ni askari wa lejioni, raia wa Roma. Lakini mimi nasema hivi: huko mipakani, kazi ngumu mara nyingi ilifanywa na watu ambao hata hawakuwa raia.

Chukua vita vya Mons Graupius, Scotland, mwaka wa 83 au 84. Jenerali Agricola alikuwa na lejioni zake hapo hapo, lakini aliziacha nyuma karibu na kambi. Mbele akapanga askari wa miguu 8,000 wa vikosi saidizi, na wapanda farasi 3,000 pembeni. Kwa nini? Tacitus, mwanahistoria aliyekuwa mkwe wake, anasema wazi: ushindi ungekuwa na sifa zaidi kama damu ya Waroma haingemwagika. Soma hiyo tena polepole. Yaani damu ya hao wengine haikuhesabiwa.

Na hao wengine ni kina nani? Waliotumwa kupigana ana kwa ana ni Wabatavi, watu wa kule mto Rhine unapoingia baharini, Uholanzi ya leo, na Watungri wa Ubelgiji ya leo. Wabatavi hawakulipa Roma kodi. Walilipa kwa vijana wao.

Utaniambia, si kulikuwa na malipo? Ndio. Ukitumikia miaka 25 unapewa uraia, wewe na watoto wako. Kwa kijana asiye na kitu, hiyo si dili mbaya.

Lakini mwaka wa 69 maafisa wa Roma walienda kusajili Wabatavi kwa nguvu, wakikamata hata wazee na wagonjwa ili walipwe ndio wawaachilie. Hongo haikuanza jana, manze. Civilis, Mbatavi aliyeitumikia Roma miaka mingi na ambaye ndugu yake aliuawa kwa shtaka la uongo, akaongoza uasi. Huko Vetera, mabaki ya lejioni mbili yalizingirwa mpaka njaa ikawashinda, wakasalimu amri. Uasi ulizimwa mwaka wa 70. Na bado, miaka michache baadaye, Wabatavi wako Scotland wanapigania Roma ile ile.

Tacitus anasema pale Mons Graupius upande wa Roma ulipoteza watu 360. Kati yao anataja jina moja tu: Aulus Atticus, kamanda wa kikosi. Wale wengine wote ni namba.

Ndio maana siku hizi nikisoma kwamba "Roma iliteka" mahali fulani, nauliza kwanza nani alisimama mbele, na nani alibaki kambini akingoja sifa.

Miaka 25 ya vita ili watoto wako wawe raia. Wewe ungekubali?