Mwalimu wa Historia Aliyeitawala Bunia

Mwaka 1999 ulipokaribia kwisha, Bunia, mji wa Ituri mashariki mwa Kongo, ilipata kiongozi wa waasi ambaye hakuwa mwanajeshi. Ernest Wamba dia Wamba alikuwa mwalimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nimefuata nyayo zake kwa sababu swali alilolikuta hapa bado linaitesa Ituri: watu wanaogombea ardhi moja wataishije kama raia sawa?

Alizaliwa Bas-Congo mwaka 1942. Akasomea Marekani wakati Weusi wa huko wakipigania haki zao, akafundisha Brandeis na Harvard, akajiunga na kamati zilizounga mkono ukombozi wa kusini mwa Afrika. Mapema miaka ya 1980, akiwa tayari Dar es Salaam, alikwenda kwao kuwasalimia wazazi. Utawala wa Mobutu ukamkamata kwa sababu ya maandishi yake. Miaka yote alishikilia hoja moja: demokrasia si mchezo wa wakubwa peke yao. Wananchi wakae barazani, kila mtu aseme la moyoni, hadi jambo lipate ufumbuzi.

Ukitoka Bunia kuelekea Djugu, unaingia vilima ambako malisho ya Wahema yanapakana na mashamba ya Walendu. Wabelgiji waliwapendelea Wahema katika shule na utawala, na walipoondoka, mashamba yao makubwa mengi yakaangukia mikononi mwa Wahema waliosoma. Sheria ya ardhi ya 1973 ikaongeza ugumu. Mtu aliweza kununua ardhi inayokaliwa na wengine, na miaka miwili ikipita bila pingamizi, akaja na hati kuwafukuza. Mkulima wa Kilendu asiyejua Kifaransa angetambuaje kwamba siku zake zinahesabiwa?

Juni 1999, ugomvi wa mashamba katika eneo la Walendu Pitsi ukageuka vita. Mwezi huohuo Jenerali James Kazini wa jeshi la Uganda, lililokuwa limeshika eneo hili, akamteua Adèle Lotsove, Mhema, kuwa gavana wa jimbo jipya la Kibali-Ituri. Walendu wakaona mwamuzi ameshachagua upande.

Wamba alipofika, alimwondoa Lotsove na kumweka Uringi Padolo, mtu wa Mahagi asiye Mhema wala Mlendu. Mapigano yakapungua kwa muda. Lakini nguvu za Wamba zilitegemea jeshi la Uganda, na mwaka 2000 wasaidizi wake, Mbusa Nyamwisi na John Tibasima, wakamgeuka. Wafuasi wao wakapigana na watu wake humu mjini, naye akapoteza madaraka. Hadi 2003 vita vya Ituri vilikuwa vimeua watu zaidi ya 50,000, kwa makadirio ya watetezi wa haki za binadamu.

Naamini hoja ya Wamba ilikuwa sahihi, na bunduki alizozitegemea ndizo zilizoiangusha. Baraza lina maana pale tu mnyonge anapoweza kusema na kurudi kwake salama. Aprili 2003 wana Ituri walikutana Bunia katika tume ya upatanisho, wakaunda baraza la mpito, na Pétronille Vaweka akachaguliwa kuliongoza. Halikumaliza vita, ila liliwapa watu wa jamii zote mahali pa kudai haki.

Wamba alifariki Kinshasa mwaka 2020. Djugu bado inazika watu wake. Anayetaka usawa Ituri aanzie kwenye ofisi ya ardhi na darasani, ili mtoto wa Kilendu na wa Kihema waisome sheria ileile, na kila mmoja aweze kuweka pingamizi kabla muda haujapita.