Risasi Tano, Maswali Matatu: Kesi ya Bernhard Goetz na Mipaka ya Kujihami

Kila mara raia anapompiga risasi mtu anayemtuhumu kwa unyang'anyi, mjadala wa umma huishia kwenye swali moja: je, alikuwa anajihami au alikusudia kuua? Swali hilo ni la msingi, lakini halitoshi. Sheria huuliza maswali matatu yaliyo mbalimbali. La kwanza, je, alikuwa na haki ya kufyatua risasi? La pili, je, alikuwa na haki ya kutembea na silaha hiyo? La tatu, ni nani atakayelipia mwili ulioharibika? Mtu anaweza kushinda swali la kwanza akashindwa mengine mawili. Historia ya Bernhard Goetz wa New York inalidhihirisha jambo hilo vizuri.

Jumamosi ya tarehe 22 Desemba 1984, Goetz, mzungu mwenye umri wa miaka 37, alipanda treni ya chini ya ardhi huko Manhattan. Ndani ya behewa walikuwamo vijana wanne weusi kutoka Bronx. Mmoja wao alimwendea akataka apewe dola tano. Goetz alichomoa bastola aliyokuwa ameificha ndani ya nguo zake, akafyatua risasi tano. Wote wanne walijeruhiwa. Mmoja alikatika uti wa mgongo, akapooza. Baadaye ilibainika kwamba wawili kati yao walikuwa na bisibisi ndani ya makoti, lakini hakuna aliyekuwa ameonyesha silaha yoyote. Goetz alitoroka, na siku tisa baadaye akajisalimisha kwa polisi wa mji wa Concord, katika jimbo la New Hampshire.

Maelezo aliyoyatoa huko ndiyo yaliyoifanya kesi iwe ngumu. Alieleza kwamba mwaka 1981 aliporwa na kuumizwa, akanunua bastola, na kwamba kwa miaka mitatu alikuwa akiibeba kinyume cha sheria. Mara mbili aliwahi kuwafukuza watu waliotaka kumshambulia kwa kuwaonyesha bastola tu, bila kufyatua. Ombi lake la kibali lilikuwa limekataliwa, kwa kuwa hakuthibitisha haja ya kutosha. Tena alikiri kwamba baada ya kuwapiga risasi vijana hao alimrudia mmoja wao, akamwambia kuwa haonekani kuumia sana, kisha akafyatua tena. Je, maneno hayo ni ya mtu anayejihami, au ni ya mtu anayetoa adhabu?

Mji wa New York wakati huo ulikuwa umechoshwa na uhalifu, na wengi walimshangilia. Januari 1985, juri kuu, yaani jopo la raia linaloamua kama mtu ashtakiwe au la, ilikataa kumshtaki kwa jaribio la kuua. Ilimshtaki kwa kumiliki silaha pekee. Miezi miwili baadaye, juri kuu ya pili ilipitisha mashtaka ya jaribio la kuua na shambulio. Jaji aliyafuta mashtaka hayo mazito kwa sababu, miongoni mwa nyingine, mwendesha mashtaka alikuwa amewaelekeza wajumbe wapime hofu ya Goetz kwa kipimo cha mtu wa kawaida mwenye busara, na si kwa kipimo cha Goetz mwenyewe.

Hapo ndipo ulipokuwa moyo wa kesi. Ikiwa inatosha mtu aamini kwa dhati kwamba yumo hatarini, basi kila mwoga, na kila mwenye chuki ya rangi, amejiandikia sheria yake mwenyewe. Julai 1986 Mahakama ya Rufaa ya New York, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Sol Wachtler, iliyarejesha mashtaka. Ilisema kwamba imani ya mshtakiwa haitoshi. Sharti iwe imani ambayo mtu mwenye busara, akiwa katika mazingira yale, angeweza kuwa nayo. Hata hivyo mahakama iliruhusu mambo aliyowahi kupitia mshtakiwa yazingatiwe kama sehemu ya mazingira hayo.

Mlango huo mdogo ulitosha. Tarehe 16 Juni 1987, juri ya watu 12, kumi kati yao wakiwa wazungu, na baadhi yao wakiwa wamewahi kuwa wahanga wa uhalifu, ilimwachia huru kwa mashtaka yote isipokuwa moja: kumiliki silaha bila kibali. Baada ya rufaa juu ya adhabu, alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, akatumikia takriban miezi minane. Sheria ilimwambia kwamba risasi zake hazikuthibitika kuwa kosa, lakini bastola iliyozitoa ilikuwa kosa.

Swali la tatu lilisubiri hadi Aprili 1996. Yule kijana aliyepooza alikuwa amefungua kesi ya madai, nayo ilisikilizwa Bronx. Katika kesi ya jinai, upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha bila kuacha shaka ya maana. Katika madai, inatosha mizani ielemee upande mmoja. Goetz, aliyekaa kimya katika kesi ya jinai, safari hii alitoa ushahidi. Juri ya watu sita, ambayo haikuwa na mzungu hata mmoja, iliamuru alipe dola milioni 43: milioni 18 za fidia na milioni 25 za kumwadhibu. Hakuwa na fedha hizo. Aliomba kutangazwa mufilisi, lakini mahakama ikaamua kwamba deni hilo halifutiki.

Wapo wanaosema kwamba tofauti ya hukumu hizo mbili ni tofauti ya rangi za wajumbe tu. Siwezi kulipuuza hilo. Hofu ya nani ihesabiwe kuwa ya busara ni swali ambalo jamii hulijibu kabla mahakama haijafunguliwa. Lakini hata bila rangi, vipimo vilikuwa viwili, na hakuna kibali wala shangwe za umma zinazovigeuza kuwa kimoja.

Juni 2022, Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Bruen, ilibatilisha sharti la New York lililomtaka mwombaji athibitishe haja maalumu kabla ya kuruhusiwa kubeba bastola kwa siri. Sharti la namna hiyo ndilo lililomkwamisha Goetz. Uamuzi huo umelegeza jibu la swali la pili. La kwanza na la tatu yamebaki palepale.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili si geni. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya huipima nguvu ya kujihami kwa misingi ya sheria ya mapokeo ya Kiingereza; Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 18 na vinavyokifuata, huitambua haki ya kujihami na kuiwekea mpaka wa nguvu inayostahili. Kwa hiyo mtumishi wa umma anayeshughulikia maombi ya silaha, na mwanaharakati anayedai raia waruhusiwe au wazuiwe kuzibeba, wangefanya vyema kuyatenganisha maswali haya matatu. Kibali kinamruhusu mtu kuwa na bastola. Hakimwambii ni lini hofu yake itaaminiwa, wala hakimlipii yule atakayebaki kwenye kiti cha magurudumu.