Kadi nyekundu mwambao wa Tanganyika: Adhabu ya vurugu uwanjani hupimwaje, na je, ni ya haki?

Kutoka Rumonge, mji wa mawese na mukeke ulioko zaidi ya kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, mchezaji wa soka anaweza kubadili shirikisho linalomsimamia bila kuliacha ziwa alilozaliwa kando yake. Ziwa Tanganyika limezungukwa na nchi nne: Burundi, Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Sheria za mchezo ni zile zile katika pwani zote. Anayewahukumu wakosaji ndiye hubadilika.

Beki anayempiga mpinzani kiwiko mjini Rumonge husubiri uamuzi wa Shirikisho la Soka la Burundi, FFB. Akitenda kosa hilo Kigoma, atakuwa mikononi mwa TFF ya Tanzania. Akilitenda Uvira au Kalemie, atahukumiwa na FECOFA ya Kongo. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo mashabiki huulizana kila wikendi: kwa nini huyu amefungiwa mechi tatu na yule miezi sita?

Kosa ni lipi hasa?

Sheria ya 12 ya soka hugawa rafu katika ngazi tatu. Mchezaji aliyekosa umakini huadhibiwa kwa mpira wa adhabu pekee. Aliyecheza bila kujali hatari kwa mwenzake hupewa kadi ya manjano. Aliyetumia nguvu kupita kiasi hutolewa nje kwa kadi nyekundu.

Kadi nyekundu ya vurugu nayo ina sura mbili. Ya kwanza ni rafu mbaya, yaani mchezaji anagombea mpira lakini anahatarisha usalama wa mpinzani. Ya pili ni vitendo vya ukatili: mpira haugombewi, bali mchezaji anampiga au anajaribu kumpiga mpinzani, mchezaji mwenzake, mwamuzi au hata shabiki. Kumpiga mtu kichwani au usoni kwa makusudi huhesabiwa kuwa ukatili, isipokuwa nguvu iliyotumika iwe ndogo mno.

Kanuni za Nidhamu za FIFA hufuata mgawanyo huo. Rafu mbaya huadhibiwa kwa kufungiwa angalau mechi mbili. Kumpiga mtu ngumi, teke au kiwiko, kumng'ata au kumtemea mate, ni angalau mechi tatu au kipindi kinachofaa. Aliyetendewa hayo akiwa mwamuzi, adhabu hupanda hadi angalau mechi 15.

Tofauti hiyo kati ya mchezaji na mwamuzi huwashangaza wengi, lakini ina sababu yake. Mwamuzi husimama peke yake mbele ya wachezaji 22, na pasipo yeye hakuna mechi. Machi 2012, jijini Dar es Salaam, wachezaji kadhaa wa Yanga walimvamia mwamuzi katika mechi dhidi ya Azam, na baadhi yao walifungiwa. Katika mji mdogo ambako mwamuzi na washabiki hukutana sokoni siku inayofuata, ulinzi huo una uzito zaidi.

Mechi tatu si tatu kwa kila mtu

Neno "angalau" ndilo linaloipa kamati ya nidhamu nafasi ya kupima. Kamati hutazama kama mchezaji alichokozwa, kama ni mara yake ya kwanza, kama alijutia, na madhara yaliyotokea. Ndiyo maana makosa yanayofanana kwa macho huishia na adhabu zisizofanana.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2006. Zinedine Zidane wa Ufaransa alimpiga kichwa Marco Materazzi wa Italia. FIFA ilimfungia mechi tatu na kumtoza faini ya faranga 7,500 za Uswisi. Materazzi, aliyemchokoza kwa maneno, alifungiwa mechi mbili na kutozwa faranga 5,000. Hata hivyo Zidane alikuwa amekwisha kustaafu, kwa hiyo mechi zake tatu zilibaki kwenye karatasi, na badala yake alikubali kufanya kazi za kijamii kwa siku tatu.

Mwaka 2014, Luis Suárez wa Uruguay alimng'ata Giorgio Chiellini wa Italia. Alifungiwa mechi tisa za kimataifa, miezi minne nje ya shughuli zote za soka, na faini ya faranga 100,000. Haikuwa mara yake ya kwanza kung'ata. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, iliacha adhabu hiyo isimame, lakini ikamruhusu kufanya mazoezi na klabu yake, kwani kumzuia hata mazoezi kulionekana kuvuka kipimo.

Uzito wa adhabu hutegemea pia mahali inapotumikiwa. Katika ligi ya timu 16 inayochezwa kwa mechi 30, kama ilivyozoeleka Burundi, mechi tatu ni sehemu moja ya kumi ya msimu. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika, mechi tatu zinaweza kuwa mashindano yote. Mwaka 2019, Burundi iliposhiriki kwa mara ya kwanza nchini Misri, ilicheza mechi tatu tu, dhidi ya Nigeria, Madagascar na Guinea, kisha ikarejea nyumbani. Mchezaji ambaye angefungiwa mechi tatu kabla ya mechi ya kwanza asingegusa mpira.

Anayerudia kosa

Swali la anayerudia kosa limejibiwa kwa namna mbalimbali. Nchini Uingereza, kila kadi nyekundu ya ziada katika msimu mmoja huongeza mechi za kukosa. Victor Wanyama wa Kenya, akiichezea Southampton, alitolewa nje kwa mara ya tatu msimu huo katika mechi dhidi ya West Ham, Februari 2016, na akafungiwa mechi tano. Hapo hesabu ilijulikana kabla ya kosa kutendeka, na mchezaji hawezi kudai kwamba alionewa kwa jina lake.

Tanzania ilichukua njia nyingine mwaka 2015. Beki Juma Nyosso wa Mbeya City alifungiwa miaka miwili na kutozwa faini ya shilingi milioni mbili kwa kumdhalilisha nahodha wa Azam, John Bocco, kwa kumshika makalio. Alikuwa na rekodi ya kosa la namna hiyo. Waliounga mkono adhabu hiyo walisema utu wa mchezaji umelindwa. Waliopinga waliuliza inakuwaje tendo lisilovunja mfupa liadhibiwe kwa miaka, wakati ngumi ya uso huadhibiwa kwa wiki chache.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na jibu halimo katika ukubwa wa adhabu pekee. Panapokuwa na ngazi iliyoandikwa, mchezaji hujua kosa la pili litamgharimu kiasi gani. Pasipokuwa nayo, hata adhabu inayostahili huonekana kama hasira ya kamati.

Aliyevunjwa mguu

Lipo lalamiko jingine: aliyeumia hukaa nje muda mrefu kuliko aliyemuumiza. Februari 2008, Eduardo wa Arsenal alivunjwa mguu na Martin Taylor wa Birmingham City. Taylor alifungiwa mechi tatu. Eduardo alikaa nje takriban mwaka mzima.

Baadhi ya watu hupendekeza mkosaji akae nje hadi majeruhi apone. Pendekezo hilo linavutia, lakini lina tatizo. Rafu ya kawaida inaweza kuvunja mguu kwa bahati mbaya, na teke la makusudi linaweza kukosa shabaha. Kuhukumu kwa matokeo peke yake kungemwadhibu mwenye bahati mbaya na kumwachia mwenye nia mbaya. Kwa hiyo kanuni hutanguliza kitendo na kuyaacha madhara yawe sababu ya kuongeza uzito.

Kwa mchezaji wa ligi isiyo na mishahara minono, hata hivyo, kuumia ni kupoteza kipato. Kumfungia mkosaji hakulipi hospitali. Hilo ni suala la bima na mikataba, na kamati ya nidhamu haiwezi kulitatua kwa kuongeza mechi.

Nani aliona?

Katika robo fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1994, Mauro Tassotti wa Italia alimvunja pua Luis Enrique wa Uhispania kwa kiwiko. Mwamuzi hakuona. Kamera ziliona, na Tassotti alifungiwa mechi nane baada ya mechi kumalizika.

Kanuni za FIFA huruhusu jambo hilo: kosa kubwa lililomponyoka mwamuzi linaweza kuadhibiwa baadaye. Lakini kwenye uwanja usio na kamera za kutosha, ushahidi mkuu ni ripoti ya mwamuzi na ya kamisaa wa mechi, na ripoti hizo huchukuliwa kuwa sahihi hadi ithibitishwe vinginevyo. Mchezaji wa Rumonge au Nyanza-Lac anayesingiziwa ana mzigo mzito zaidi wa kujitetea kuliko mwenzake wa Ulaya mwenye picha za pembe kumi, na anayepiga kwa siri ana nafasi kubwa zaidi ya kuponyoka. Ndiyo sababu haki ya kusikilizwa na haki ya kukata rufaa zina thamani kubwa zaidi pale ambapo teknolojia ni haba.

Dola inapoingia uwanjani

Uwanja hauko nje ya sheria za nchi. Mwaka 1995, Duncan Ferguson alifungwa jela nchini Uskochi kwa kumpiga kichwa mpinzani wakati wa mechi. Mwaka huo huo, Eric Cantona alihukumiwa na mahakama ya Uingereza kwa kumpiga teke shabiki, na katika rufaa kifungo cha wiki mbili kikabadilishwa kuwa saa 120 za kazi za kijamii. Chama cha soka nacho kilimfungia miezi minane. Januari 2018, Nyosso, wakati huo akiwa Kagera Sugar, alishikiliwa na polisi mjini Bukoba akituhumiwa kumpiga shabiki.

Burundi ina mfano wake, ingawa si wa soka la kulipwa. Shirika la habari la AFP liliripoti Machi 2018 kwamba viongozi wawili wa Kiremba, kaskazini mwa nchi, walikamatwa baada ya mechi kati ya timu ya huko na Haleluya FC ya Rais Pierre Nkurunziza. Kwa mujibu wa taarifa hizo, baadhi ya wachezaji wa Kiremba walikuwa wakimbizi kutoka Kongo ambao hawakumtambua rais, wakamkaba kwa nguvu na kumwangusha mara kadhaa. Tuhuma iliyotajwa ilikuwa njama dhidi ya rais.

Rafu huamuliwa na mwamuzi kwa mizani ya Sheria ya 12, na mizani hiyo haina kipimo cha cheo. Mahakama huingia pale kitendo kinapotoka kabisa katika mchezo na kuwa shambulio, yeyote awe mtendaji na yeyote awe mtendewa. Mpaka huo usipolindwa, mchezaji hatajua tena anacheza chini ya sheria ipi.

Adhabu inapovuka ziwa

Suala lenye uzito wa pekee kwa mwambao huu ni uhamisho. Chukua mfano wa mchezaji anayetoka klabu ya Rumonge kwenda Mashujaa ya Kigoma, iliyopanda Ligi Kuu ya Tanzania mwaka 2023. Kanuni za FIFA za usajili na uhamisho zinasema adhabu isiyozidi mechi nne au miezi mitatu, ikiwa haijamalizika, humfuata mchezaji. Shirikisho analotoka hulijulisha shirikisho jipya linapotoa cheti cha uhamisho wa kimataifa, naye humalizia mechi zilizobaki huko aendako. Aliyefungiwa mechi tatu na kutumikia moja Burundi, atakosa mbili Tanzania.

Adhabu inayozidi kiwango hicho haivuki mpaka yenyewe. Itatekelezwa ng'ambo ikiwa tu Kamati ya Nidhamu ya FIFA imeipanua iwe ya dunia nzima. Shirikisho hutakiwa kuliomba jambo hilo kwa makosa makubwa, yakiwemo ya kuwatendea vibaya waamuzi. FIFA nayo huangalia kwanza kama mchezaji aliitwa kwa utaratibu, kama alipewa nafasi ya kujitetea na kama alijulishwa uamuzi ipasavyo.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Kosa dogo humfuata mchezaji moja kwa moja, ilhali kosa kubwa humfuata ikiwa tu kuna mtu aliyeandika barua. Shirikisho lisipoomba, aliyefungiwa mwaka mmoja pwani hii anaweza kuonekana akicheza pwani ile. Shirikisho likiomba bila kuwa limemsikiliza mchezaji, ombi linaweza kukataliwa, na aliyepigwa akabaki bila haki kwa kosa la makaratasi.

Kwa wachezaji na klabu za mwambao, hayo yana maana ya vitendo. Mchezaji aliyefungiwa anapaswa kudai uamuzi wa maandishi wenye sababu na muda wa rufaa. Klabu inayomsajili inapaswa kuuliza, kabla ya kumpanga, kama ana adhabu ambayo haijaisha. Kamati ya nidhamu nayo inapaswa kumwita mtuhumiwa, kumsikiliza na kuweka kumbukumbu, hata pale ambapo kila aliyekuwa uwanjani anaamini alimwona akirusha ngumi.